Pacha wa Sufuria

Nyuma ya gereji, Mabatini, Masalu anayeyusha
pistoni za Fuso, vipande vya madirisha,
na leo sufuria ya mama yangu
iliyotoboka kitako kwa miaka thelathini ya ugali.
"Nikufanyie moja kubwa au mbili ndogo?"
Mbili, nasema.
Sijui kwa nini nimesema mbili.

Feni ya gari bovu inapuliza mkaa.
Kopo la soda linajikunja, linanywea, halipo.
Sufuria inafuata, sikio moja likichungulia hadi mwisho,
kisha uso wa kioevu unatulia, unang'aa
kama ziwa saa sita mchana
kabla upepo haujatoka Ukerewe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia.
Siwezi kusimama mbele ya moto nikanyamaza.

Masalu, namwambia, aluminiamu hii
haikuzaliwa bandarini wala kiwandani.
Palikuwa na nyota, uzito wake mara thelathini ya jua,
jitu lisilojua kuweka akiba.
Haraka haraka haina baraka, tulifundishwa,
na lile likafuja kuni zake zote
kwa miaka milioni chache tu,
ilhali jua letu linadonoa chakula
taratibu, kama mkwe ukweni.
Tumboni mwa jitu, magnesiamu ilimeza protoni
ikawa aluminiamu, ila siyo hii yako:
ile ina nyutroni kumi na tatu,
hii ina kumi na nne.
Tofauti ni moja, Masalu. Moja tu.
Kama tundu la sindano kwenye mtumbwi.

"Basi ilivuja."

Ilivuja. Kwanza upepo wa nyota
uliikwangua, ukaitawanya gizani;
kisha jitu likapasuka, likamwaga chungu chote.
Kila miaka laki saba na ushee nusu inatoweka,
kisha nusu ya nusu,
na kila chembe ikigeuka, mwale unatoka
ambao jicho halina habari nao.
Vyombo vilivyorushwa juu ya anga vinauona:
mkanda hafifu, galaksi nzima,
moshi wa jikoni kwa watu usiowajua.
Ndiyo tunajua kwamba majitu
bado yanazaliwa. Bado yanapika.

Masalu anaengua taka kwa kijiko kirefu.
"Kwetu anayetangulia ni Kulwa,
anayefuata ni Doto. Hii iliyobaki, basi,
ndiyo Kulwa."

Amesema tu. Yeye ananiita madamu,
hajawahi kuuliza jina langu.
Hajui kwamba nyuma yangu alikuja mwingine,
akakaa siku kumi na moja,
na kwamba mama alitenga vijiko viwili
mpaka nilipoanza shule.

"Na huyo Doto alienda wapi?"

Nakohoa. Moshi, namwambia.
Hakwenda mbali, Masalu. Aligeuka, akawa magnesiamu,
na magnesiamu ndiyo imekaa katikati ya ukijani wa jani,
hakuna jani linaloishi bila hiyo.
Chembe chache sana ni zake.
Siwezi kukuonyesha zipi.

"Hata mimi siwezi kukuonyesha
ipi humu ni ya mama yako," anasema,
na anamimina.
Mchanga mweusi unafuka. Tunarudi hatua mbili, wote wawili.

Jioni ninapanda na mfuko wa salfeti,
sufuria mbili zingali na vuguvugu,
mawe ya mlimani nayo yanarudisha joto la mchana.
Njiani nanunua majani ya kunde, fungu moja;
muuzaji ananitazama, anatupia la pili.
"Nyongeza," anasema.
Sikatai.

Umeme umekatika mpaka ng'ambo ya Kirumba.
Napika kwa mwanga wa simu. Nimesahau chumvi.
Sufuria ya pili iko mezani, tupu,
kila baada ya muda inasema *ti*,
ikipoa.